Wazazi wanaongea kupitia kwangu, sasa wamemgeukia mdogo wangu. Nifanyeje?

Kifungua_Mimba: Wadau naombeni ushauri. Nafanya kazi hapa Nakuru, wazazi wako Kakamega. Hawasemezani tangu nikiwa shule ya msingi na kila kitu kinapitia kwangu. Jana mama ananipigia, "mwambie babako tokeni za stima zimeisha," na baba yuko hapo hapo sebuleni, nasikia taarifa ya saa moja kwa tivii na yeye mwenyewe akikohoa! Juzi juzi nikapunguza kushika simu nikidhani wataongea, kumbe wakahamia kwa mdogo wangu wa gredi ya nane. Sasa wakizozana tu anaumwa na tumbo, amepimwa hospitali hawaoni kitu. Nimpeleke yeye kwa kaunsela ama wazazi? Na nikikataa kubeba ujumbe si ni kukosa adabu?

Dada_Lanet: Pole kaka. Nilisomea kaunselingi, hiyo inaitwa pembetatu, Murray Bowen yule daktari wa akili Mmarekani ndiye aliifafanua. Wawili wakizidiwa wanamvuta wa tatu, presha inapungua lakini shida yao haiguswi, na huyo akijitoa wanavuta mwingine, ndio maana imemwangukia mdogo wako. Tumbo linamuuma kweli, msiseme anajifanya, na daktari aendelee kumwangalia. Lakini ukimpeleka peke yake mtakuwa mmekubaliana mgonjwa ni yeye. Salvador Minuchin, mtaalamu wa tiba ya familia, alikuwa anaita familia nzima, akiona mtoto ameketi katikati ya wazazi anamhamisha kiti hao wawili waangaliane. Kuna kupigana lakini? Kama kuko, mambo ya kukaa pamoja ingoje, mtoto atolewe hapo kwanza.

Mzee wa Kondele: Kijana usikatae kwa hasira. Sema, "Mama, hilo la stima nakuomba umwambie Baba mwenyewe, wewe nieleze umeamkaje." Adabu iko hapo. Halafu tafuta mjomba wenu awaketishe, mambo ya mke na mume si ya mtoto wa shule.

Mama Trev: Mzee kwa mjomba nakataa, huyo ni ndugu ya mama, baba ataona amezingirwa. Hiyo si ni pembetatu ingine tu? Aitwe mtu asiye na upande.

Kifungua_Mimba: Kupigana hakuna, ni kununiana tu. Shida baba anasema kaunsela ni wa wenda wazimu.

Dada_Lanet: Basi anza wewe, Bowen alifanya kazi hata na mtu mmoja wa familia, huyo akibadilika wengine hawawezi kuendelea vile vile. Mwanzoni kelele itazidi, mama atasema umemtupa, usirudi nyuma na usiache kupiga simu pia, mpigie kila mmoja umuulize habari zake mwenyewe. Ukipata kaunsela muulize kama amesajiliwa, sheria ya washauri na wanasaikolojia iko Kenya tangu 2014.

Kifungua_Mimba: Asanteni sana. Jumamosi naenda nyumbani, nitaanza na baba tukiwa shambani, mama akiwa karibu hafungui mdomo.

Mama Trev: Na huyo mtoto mwambie wazazi wote wawili wakisikia, kwamba hatumwi tena.