Waifai haipandi ghorofani katika nyumba ya mawe, Mikindani

Swali:
Wakuu, habari zenu. Ninaishi Mikindani katika nyumba ya zamani ya ghorofa, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yenye kuta nene kama nusu mita. Ruta iko sebuleni chini. Nikipanda ngazi mawimbi hubaki mstari mmoja, na chumbani kwa Mama hayapo kabisa. Je, ninunue ripita, kile kifaa cha kupokea mawimbi ya waifai na kuyarusha tena?

Jibu la kwanza:
Ndugu, ripita ya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hupungua karibu nusu, na ukiiweka mahali ambapo mawimbi tayari ni hafifu, itasambaza unyonge huohuo. Kwanza isogeze ruta karibu na uwazi wa ngazi, utumie masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya ukuta kuliko yale ya 5.

Jibu la pili:
Naafiki, ila dawa yenyewe ni waya. Vuta waya wa mtandao usiozidi mita 100, uupitishe ngazini au dirishani, kisha ufunge ruta ya pili ghorofani, ukiuchomeka waya kwenye tundu lake la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba) na kuzima DHCP (kazi ya kuvigawia vifaa anwani za mtandao) ya ruta hiyo ya pili. Usitoboe ukuta ovyo. Mimi nilitoboa wa marehemu babu, ukamwaga mchanga hadi jua kutua.

Muulizaji:
Nashukuru. Nimeisogeza ruta, na pale juu ya ngazi simu inaonyesha mistari mitatu. Kwa Mama bado, kwa hiyo Jumamosi nitapitisha waya dirishani.