Mwalimu wa lugha anamdhalilisha binti yangu ughaibuni, tufanyeje?

Kutoka: Mama wa Buhongwa

Wanamwanza wenzangu mlio nje, nawasalimu. Naandika kwa sababu nyumbani ushauri umekwisha, na baba watoto hatuelewani kwenye hili.

Binti yangu yuko Ujerumani, kwenye mji mmoja wa Bavaria. Anasoma Kijerumani afike kiwango cha B2, yaani cha nne kati ya sita, ndipo aanze mafunzo ya uuguzi. Tuliuza kiwanja cha Kisesa tukalipa ada na kujaza ile akaunti ya benki wanayoidai kwa ajili ya viza. Mtoto aliondoka na furaha. Sasa mwalimu wake, mtu mzima kabisa, anaingia darasani amechelewa, muda mwingi yuko kwenye simu, na akimgeukia binti yangu ni kumkejeli tu. Wiki iliyopita alimsimamisha atamke Brücke, ndilo daraja hilo kwa lugha yao. Mtoto amekulia huku kwetu, r na l zinamsumbua tangu shule ya msingi, na hiyo ü ndiyo kwanza anakutana nayo. Akaambiwa rudia, rudia tena, darasa zima linacheka. Mwisho mwalimu akasema mbele ya wote kwamba midomo ya Waafrika haikuumbwa kwa Kijerumani. Tangu siku hiyo mtoto hatoki chumbani. Ananiambia, mama, pale sirudi.

Baba yake anasema avumilie, mbona sisi tulichapwa viboko na tukafaulu. Mimi moyo unakataa. Nisaidieni.


Kutoka: Kaka wa Igoma, yuko Wuhan

Shikamoo mama, na pole sana. Mimi kabla ya kuanza chuo huku China nilisoma kwanza Kichina mwaka mzima. Mwalimu wetu alikuwa mkali haswa. Ukikosea toni anakukatisha hapohapo, ukikosea herufi unaijaza ukurasa mzima. Lakini jioni alibaki na sisi tulioachwa nyuma, hakuna aliyemlipa kwa hilo, na mtihani wa HSK, ule wa kupima Kichina cha wageni, tukaupita. Huo ndio ukali wa mtu anayetaka ujue. Aliyoyasema huyo wa binti yako hayafundishi kitu. Baba mwambie hivyo kwa heshima zote. Walioko Ujerumani watakueleza taratibu za huko.


Kutoka: Dada wa Nyegezi, yuko Würzburg

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi hapa Würzburg, na wadogo zetu wanaofika kutoka nyumbani mara nyingi hupitia kwangu, kwa hiyo hili la walimu nalisikia sana. Nitaandika kwa urefu, unisamehe.

La kwanza, kabla ya barua, kabla ya mwanasheria, kabla ya chochote: binti arudi darasani kesho asubuhi. Najua linauma. Lakini kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye kozi hiyo. Kwa viza ya kusoma lugha, Ujerumani inataka kozi ya nguvu, vipindi visivyopungua 18 kwa wiki, na shule inaweka orodha ya mahudhurio. Siku ya kuongeza muda, ofisi ya uhamiaji ya mji inaomba cheti cha mahudhurio, na pale hakuna mahali pa kuandika kwamba mwalimu alinicheka. Kutakuwa na siku ulizokuwepo na siku ambazo hukuwepo, basi. Nimeona vijana wazuri wakiharibikiwa hapa. Wametukanwa, wamenyamaza, wameacha kwenda, na miezi mitatu baadaye kesi imegeuka kuwa ya kwao: mtoro ni wao, aliyetukana anaendelea kufundisha. Kama kweli hawezi kukaa mbele ya mtu yule hata siku moja, aende kwa daktari apewe cheti cha ugonjwa, akipeleke shuleni siku hiyohiyo. Kukaa tu chumbani hapana.

La pili, aandike. Leo usiku, kichwa kikiwa bado kina kumbukumbu. Tarehe, saa, chumba cha darasa, nani alikaa karibu naye, na maneno yenyewe kwa Kijerumani kama yalivyotamkwa. Asiandike "alinidharau", aandike alichosema. Kuchelewa nako aandike: kipindi kilitakiwa kuanza saa ngapi na kikaanza saa ngapi. Awaulize wanafunzi wawili watatu kama wako tayari kusema walichosikia. Mara nyingi aliyecheka darasani ndiye wa kwanza kusema pole kwenye ngazi, maana naye kesho zamu yake itafika.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Asimrekodi mwalimu kwa siri. Najua nyumbani mtu akionewa anatoa simu. Ujerumani kurekodi mazungumzo ya mtu yasiyo ya hadhara bila ridhaa yake ni kosa la jinai, na darasa lililofungwa mlango linaweza kuhesabiwa hivyo. Kijana mmoja aliicheza sauti mbele ya mkuu wa shule akidhani ameshinda, na mazungumzo yote yakahamia kwenye ile simu yake. Daftari linatosha.

La tatu, barua. Aandike baruapepe kwa mratibu wa kozi au mkuu wa shule. Asiende tu kuongea mapokezini, kwa sababu maneno ya mapokezini hayana tarehe. Iwe fupi: limetokea hili, siku hii, walikuwepo hawa, naomba nihamishiwe kundi jingine la kiwango hichohicho, na naomba jibu la maandishi kufikia siku fulani. Asimtukane mwalimu, asisimulie maisha ya nyumbani wala kiwanja kilichouzwa. Kijerumani kisimtie hofu. Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, hapa wapo Wajerumani waliokaa Mwanza miaka na wanaipenda, na baadhi yao hunisaidia kunyoosha barua za namna hii. Anitumie rasimu hata kama ni ya Kiswahili.

Suala la kuchelewa na simu peke yake angeweza kuanza na mwalimu mwenyewe, kwa adabu, baada ya kipindi. Huku hiyo si utovu wa nidhamu. Walimu wengi wa shule hizi hulipwa kwa saa, hawana ajira ya kudumu, wanakimbia kutoka shule moja kwenda nyingine, na hilo nalielewa, hata mimi nimefanya kazi mbili. Lakini kauli ya midomo ya Waafrika haitokani na uchovu. Hiyo haianzi kwa mwalimu, inakwenda juu moja kwa moja.

Na sheria ipo. Ujerumani ina sheria ya usawa ya mwaka 2006 inayokataza kumbagua mtu kwa asili yake, jinsia, dini, ulemavu, umri na mengine, na elimu imetajwa ndani yake. Kuna ofisi ya serikali kuu ya kupinga ubaguzi, iko Berlin, inatoa ushauri bila malipo kwa simu au kwa maandishi. Ila akitaka kudai fidia, muda ni miezi miwili. Ndiyo maana nasema asingoje hasira ipoe. Hata kama hatadai chochote, barua ikiwa imetaja sheria hiyo husomwa na mtu wa juu zaidi.

Hofu kubwa ya watoto wetu ni kwamba mwalimu atawafelisha. Mama, cheti cha B2 kinachohitajika kwa uuguzi hakitolewi na mwalimu wa darasa. Kinatokana na mtihani wenye kanuni zake, wa Taasisi ya Goethe au wa kampuni ya telc kwa mfano, na kwenye kuzungumza mtahiniwa anakaa mbele ya watahini wawili. Anaweza hata kuufanyia kituo kingine, mji mwingine. Huyo bwana hana funguo za maisha ya binti yako. Umwambie hivyo, kwa sauti ya mama, maana nikimwambia mimi atadhani namliwaza.

Kwa dada zangu mliokuja kwa ndoa na mko kwenye kozi ya serikali ya wahamiaji, ile ya vipindi 700: kwenu ni rahisi zaidi kidogo. Kozi hiyo iko chini ya Ofisi ya Shirikisho ya Uhamiaji na Wakimbizi, na mwalimu lazima awe na idhini yake. Shule isipowasikia, andikeni huko.


Kutoka: Kaka wa Igogo, yuko Leicester

Naongeza la Uingereza kwa wazazi wanaofikiria huku. Kabla hamjampa wakala wa mjini hata shilingi, angalieni kama shule ya Kiingereza ina ithibati inayosimamiwa na British Council pamoja na English UK, chama cha shule za Kiingereza. Viza ya kusoma Kiingereza ya miezi 6 hadi 11 hupati kama shule haina ithibati inayotambuliwa. Shule ya namna hiyo inatakiwa iwe na utaratibu wa malalamiko ulioandikwa. Mwombeni wakala awatumie. Akianza kuzunguka, hapo mjue. Na msilipe mwaka mzima kwa mpigo, kwa sababu mtoto akitaka kuhama fedha inamfunga miguu.


Kutoka: Dada wa Ukerewe, yuko Ankara

Mimi nataka kulisema lile ambalo wasichana hawawaambii mama zao. Mwalimu wangu wa Kituruki alianza kwa kunisahihishia insha kwa ujumbe wa simu. Baadaye ujumbe ukawa wa saa tano usiku. Baadaye akasema niende nyumbani kwake, atanifundisha bure. Nilimjibu kwa sentensi moja tu: naomba mambo ya masomo tuyamalize shuleni. Kisha ujumbe wote nikaupeleka kwa mwalimu mkuu wa kike, ulivyo, bila kufuta hata wa kwanza uliokuwa wa heshima. Hakurudi kwenye darasa letu.

Wasichana, msifute. Aibu inatufanya tufute, halafu tunabaki mikono mitupu. Na mama, muulize binti kwa upole kama kuna zaidi ya lile la Brücke. Muulize mkiwa wawili, baba asiwepo.


Kutoka: Mwalimu mstaafu, Bwiru

Nimesoma yote. Nimefundisha miaka mingi na ninaona tunawafundisha watoto kumshtaki mwalimu kabla hawajafungua kitabu. Mtoto akikosea lazima arudie, hata mara ishirini. Kuchekwa na wenzake ni sehemu ya kujifunza. Mkianza barua na sheria, mwalimu gani atathubutu kumsahihisha mtoto wenu?


Kutoka: Dada wa Nyegezi, yuko Würzburg

Shikamoo mwalimu. Kurudia mara ishirini sina ugomvi nako, mimi mwenyewe nilirudia hivyo mpaka koo likakauka. Mwalimu wangu aliweka kioo kidogo mezani niangalie midomo yangu inavyokaa nikitamka ü, na nikipata alitabasamu tukaendelea. Huyu wa binti alimrudishisha mtoto neno, hakumwonyesha ulimi unakaa wapi, akamaliza kwa kutukana rangi yake. Hapo palikuwa na somo gani, mwalimu?

Pita pale Makoroboi uone Mzungu anavyohangaika na bei kwa Kiswahili cha kuokota. Wauzaji wanamcheka, ndiyo, lakini wanampa neno analolitafuta, na anaondoka amelipata. Wale hawajalipwa ada. Binti ya mama huyu amelipia, na kiwanja kimekwenda.


Kutoka: Mama wa Buhongwa

Ahsanteni nyote. Mwalimu, heshima yako ipo palepale. Binti amerudi darasani Jumatatu. Alitapika asubuhi kwa woga, lakini alikwenda na akasaini mahudhurio. Msichana mmoja wa Syria amekubali kuandika alichosikia. Nilimuuliza kama dada wa Ukerewe alivyosema, akaniambia hakuna zaidi, na ninamwamini. Baruapepe imetumwa, ahsante dada wa Nyegezi kwa kuinyoosha. Mkuu wa shule amejibu: anamwita Alhamisi saa nane mchana, na mwalimu atakuwepo. Mtoto anauliza kama lazima aingie peke yake.


Kutoka: Dada wa Nyegezi, yuko Würzburg

Si lazima hata kidogo. Ajibu leo, kwa maandishi, kwamba atakuja na mtu wa kumsindikiza, na kwamba anaomba azungumze na mkuu kwanza kabla mwalimu hajaingia. Alhamisi siko zamu. Anitumie anwani ya shule na saa kamili kwa ujumbe wa pembeni, nitachukua treni ya asubuhi. Aje na daftari, barua ya yule msichana, mkataba wa kozi na chakula, maana vikao hivi huchelewa. Mama, baada ya kikao nitakupigia mwenyewe.