Maji ya Gesi na Kitambi cha Mjomba Hamisi

*Ukoo wa Bibi Mwanaidi*

Shangazi Rehema: Asalaam aleikum. Jana kliniki wameniandikia BMI 32, kile kipimo cha uzito kwa urefu, nikaambiwa niache soda. Nimenunua katoni ya maji ya gesi, jirani anasema yanakula mifupa. Neema upo?

Neema: Shikamoo shangazi, nipo, nimetoka zamu. Hayali mifupa. Walichunguzwa watu wa Framingham kule Marekani, majibu yakatoka 2006: wanawake wanywaji wa kola ndio mifupa ya nyonga ilikuwa hafifu. Vinywaji vingine vya gesi, hapana.

Mama Salma: Na meno?

Neema: Asidi yake ni ndogo sana kuliko ya soda. Ila yakitiwa ladha ya limau inapanda. Na mwenye kiungulia atateseka, tumbo linajaa, anabeua tu.

Mjomba Hamisi: Mimi nimepiga hesabu ya BMI yangu. Kilo 74, gawanya kwa urefu wangu wa mita, 1.78 mara 1.78. Jibu 23.4. Kawaida ni 18.5 mpaka isifike 25. Niko fiti, leteni soda 😂

Mama Salma: Kaka, na hicho kitambi umekigawanya kwa ngapi?

Baraka: 😂😂 Shikamoo mjomba

Mjomba Hamisi: Marahaba. Usicheke.

Neema: Mjomba chukua futi ya fundi cherehani. Zungusha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, usibane tumbo.

Mjomba Hamisi: Sentimita 99

Mama Salma: Umebana.

Mjomba Hamisi: 104

Neema: Haya. Mwanaume akifika 94 tunaanza kumwangalia, akipita 102 hatari imepanda. Wanawake ni 80 na 88. Mafuta yaliyozunguka ini na matumbo ndiyo yanayoleta sukari na presha, na BMI haijui yamekaa wapi. Njoo upimwe vyote viwili.

Baraka: Dada, mimi BMI yangu 28 na nyama uzembe sina kabisa

Neema: Wewe unanyanyua vyuma, misuli ina uzito. Hesabu hii ilianzia kwa Quetelet, Mbelgiji wa miaka ya 1830, mtu wa takwimu, alikuwa anatafuta binadamu wa wastani. Hata daktari hakuwa. Jina la BMI amelitoa Ancel Keys 1972.

Shangazi Rehema: Kumbe! Basi 32 yangu nayo ni ya uongo.

Neema: Shangazi, wewe vyuma unanyanyua wapi? 🙈 Yako tuichukulie ni kweli. Kiuno ngapi?

Shangazi Rehema: Hicho nakutumia pembeni.

Mama Salma: 😂😂😂

Neema: Kuacha soda umefanya la maana. Kola ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, vijiko kumi na mbili vya chai na ushee. Maji ya gesi matupu hayana hata kimoja. Mwenye presha asome tu sodiamu kwenye lebo, mengine yanayo nyingi. Hebu piga picha hiyo chupa.

Shangazi Rehema: 📷

Neema: Shangazi hiyo ni toniki. Geuza nyuma, soma palipoandikwa sukari.

Shangazi Rehema: Gramu 8 kwa mililita 100. Yaa Rabi. Na ni chungu hivyo!

Baraka: Uchungu ni wa kwinini, sukari imejificha humo humo

Shangazi Rehema: Mangi atakubali kuirudisha?

Mama Salma: Kama nailoni ya katoni hujaichana, mtume Baraka sasa hivi kabla hajafunga.