Tumetengeneza bao la mtandaoni, tulipishe vipi bila kumuonea asiye na hela?

Mleta uzi: Wakuu habari zenu. Mimi na wenzangu wawili tumetengeneza gemu ya bao la kete, bao la Kiswahili lenyewe, mashimo 32 kete 64, hatua zote mbili za mchezo, kunamua na kutakata, zimo, unacheza na mtu wa Lamu wewe ukiwa Mbagala na kuna ligi kila wiki. Watu wameipenda ila seva inalipiwa kwa dola kila mwezi na mifuko yetu imeshaanza kulia. Mwenzangu anataka tuuze kurudisha kete, yaani ukicheza vibaya unalipa 500 unarudia. Roho yangu inakataa, barazani kete ikishadondoka shimoni imedondoka. Sasa tuuze nini? Naombeni ushauri wa maana.

Komwe_Tatu: Hiyo ya kurudisha kete sahau mkuu, ligi itakufa siku hiyo hiyo, anayeongoza atakuwa mwenye salio na sio anayejua bao. Halafu hawa wa bure ndo wanafanya mtu apate mpinzani saa nane usiku, wakikimbia hata anayelipa hana wa kucheza naye. Gemu ya Dota 2 tangu 2013 mashujaa wote wa kuchezea ni bure, wanauza mapambo tu na bado ipo hai. Nyie uzeni sura za bao mle kwenye gemu: la mninga, la mpingo, lenye nakshi kama milango ya Zanzibar, na ule mlio wa komwe zikimwagwa shimoni. Mpenzi wa bao atalipia.

Baharia_Msa: Sawa lakini mapambo yanataka watu wengi, maana wengi hawanunui kitu. Gemu ya World of Warcraft ilianza 2004 kwa karibu dola 15 kwa mwezi na watu walilipa, kwa hivyo ada si mbaya, ila huku kwetu mtu ananunua bando la siku, mwezi ni mbali sana. Mimi ningeweka pasi ya wiki, bei ya soda, ikuwezeshe kuunda ligi yako na marafiki na kurudia kuangalia mechi zako. Mwenye hajalipa aendelee kucheza kama kawaida.

Mleta uzi: Hapo nimekuelewa. Na masanduku ya bahati je? Unalipa, unafungua, unapata bao lolote litakalotoka. Wanasema yanaingiza sana.

Bi_Kete: Yanaingiza kaka na ndo ubaya wake. 2017 kampuni ya EA walitoa gemu ya Star Wars Battlefront II, kumpata mhusika Darth Vader krediti 60,000 za mle ndani, unacheza masaa na masaa huku masanduku yanauzwa kwa hela, watu wakawaka mpaka bei ikashushwa robo tatu na manunuzi yakazimwa mkesha wa uzinduzi. Mwaka uliofuata Ubelgiji wakasema masanduku ya namna hiyo ni kamari. Na huku simu ni ya mama, M-Pesa ya mama, anayebonyeza mtoto. Epic, kampuni yenye gemu ya Fortnite, 2022 walikubali kutoa dola milioni 245 kurudishia wateja kule Marekani, lalamiko moja lilikuwa vitufe vilivyopangwa hadi mtu ananunua bila kukusudia. Andikeni bei kwa shilingi, sio almasi wala sarafu za kubuni ambazo mtu hajui ametumia ngapi, na namba ya siri iulizwe kila ununuzi.

Komwe_Tatu: Hapo kwenye shilingi naunga mkono mia kwa mia.

Mleta uzi: Asanteni sana, mwenzangu namtumia uzi huu sasa hivi. Tunaanza na bao la mninga na la mpingo pamoja na pasi ya wiki, masanduku hatuweki. Baharia, hiyo ligi ya marafiki iwe ya watu wangapi?

Baharia_Msa: Kumi na sita, mtoano. Ikiwa tayari weka linki hapa.