Kibanzi kinakatika njiani na kuacha ngazi juu ya jiwe: watu wa Enzi ya Mawe walikwepaje?

Swali: Shoka za mkono (zana za mawe zisizo na mpini) za Olorgesailie, eneo la kale nchini Kenya, zina nyuso nyororo. Nikijaribu kuchonga yangu, vibanzi, yaani vipande vyembamba vinavyobanduka nikigonga, vinakatika katikati. Kasoro ni nini?

Jibu 1: Anza na pembe. Sehemu unayogonga na uso ambao kibanzi kitabanduka zikutane chini ya digrii 90. Ikizidi hapo, nguvu inazama ndani na jiwe linapata nyufa tu. Ngazi, yaani kidato kinachobaki kibanzi kikikatika, hutokea pigo likiwa dhaifu, au likielekea nje badala ya kuingia jiweni. Pia sugua ukingo kwa jiwe gumu kabla ya kugonga. Ukingo mwembamba hupondeka na kumeza pigo lote. Wengi huruka hatua hii.

Jibu 2: Na gonga nyuma ya mgongo (mstari ulioinuka) uliopo usoni, maana ufa hufuata mgongo. Uso ukiwa bapa kabisa, kibanzi hutanuka na kuishia karibu. Vibanzi vikubwa vitoe kwa jiwe la mto la mviringo. Kupunguza unene tumia mfupa au pembe ya mnyama, hutoa kibanzi kirefu, chembamba. Ngazi ikishatokea usiirudie kutoka upande uleule, utaikuza. Ishambulie kutoka ukingo wa pili.

Jibu 3: Olorgesailie walitumia zaidi mawe ya volkano, si gumegume, jiwe gumu la silika. Obsidiani, kioo cha asili cha volkano, ilifika pale baadaye, miaka 320,000 hivi iliyopita, kutoka kilomita 25 na zaidi. Basalti, mojawapo ya mawe hayo ya volkano, inadai pigo zito kuliko obsidiani. Vaa miwani ya kukinga macho, na fanyia nje: vumbi la gumegume huharibu mapafu.