Mjadala: Je, ubingwa wa Dodgers ulinunuliwa, na je, mashabiki wao wana haki ya kuufurahia?

Mleta mada:

Tangu Los Angeles Dodgers, timu ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, walipowashinda Toronto Blue Jays kwa pointi 5 dhidi ya 4 usiku wa tarehe 1 Novemba 2025, katika mchezo wa saba wa World Series, yaani fainali za ligi hiyo, uliokwenda hadi awamu ya 11 badala ya tisa za kawaida, nimekuwa nikikutana na hukumu moja inayorudiwa kwa maneno mbalimbali: kwamba ubingwa huo, wa pili mfululizo, ulinunuliwa kama bidhaa, na kwamba watu waliofurika mitaani kuushangilia walikuwa wakishangilia utajiri wa mwenye timu. Nimeona niulete mjadala huu kwa sababu hukumu hiyo imefunga mambo mawili katika fundo moja. Kuna swali la haki ndani ya ligi, yaani kama klabu iachwe kulipa mishahara bila kikomo, na hilo ni swali zuri. Halafu kuna lawama kwa shabiki, ambaye anaambiwa kwamba furaha yake ni ya bandia. Lawama hiyo naiona kuwa ni uonevu, na nitaeleza kwa nini.

Fedha zenyewe hazifichiki, wala sina nia ya kuzificha. Desemba 2023 Dodgers walimsajili Shohei Ohtani kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 700, ambazo kati yake dola milioni 680 zitalipwa baadaye, kuanzia mwaka 2034 hadi 2043, hivyo kwamba katika miaka anayocheza analipwa dola milioni 2 tu kwa mwaka. Mwezi huohuo wakampa Yoshinobu Yamamoto, mrushaji (anayemrushia mpigaji wa timu pinzani mpira) ambaye hakuwa amerusha hata mpira mmoja katika ligi ile, dola milioni 325 kwa miaka 12. Ligi Kuu ya Besiboli haina kikomo cha mishahara. Ina tozo inayomwangukia anayevuka kiwango kilichowekwa, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241, na kwa msimu wa 2024 peke yake Dodgers walitozwa takribani dola milioni 103. Zipo klabu katika ligi hiyohiyo ambazo mishahara ya kikosi kizima haifikii kiasi hicho cha tozo. Anayesema kwamba uwanja umeinama hasemi uongo.

Lakini tumwangalie shabiki anayelaumiwa. Dodgers walitwaa ubingwa mwaka 1988, kisha wakakaa miaka 32 bila taji. Walipolipata tena mwaka 2020, mechi za fainali zilichezwa Arlington, Texas, kwa sababu ya janga la korona, na jiji la Los Angeles halikufanya gwaride lolote. Katika kipindi hicho hicho cha kusubiri, klabu ilikuwa imeuza haki za matangazo ya televisheni kwa mkataba wa miaka 25 wenye thamani ya dola bilioni 8.35, na kwa kuwa kampuni za kusambaza matangazo hazikukubaliana juu ya bei, nyumba nyingi za jiji hilo hazikuweza kuitazama timu yao kuanzia msimu wa 2014 hadi makubaliano yalipofikiwa Aprili 2020. Naomba tulitafakari jambo hilo bila haraka. Fedha tunazosema zimenunua ubingwa zilitokana kwa sehemu kubwa na mkataba uliomfungia shabiki huyo mlango kwa misimu sita. Amekwisha kuulipia, na aliulipa kwa kunyimwa mchezo wenyewe.

Kisha likaja gwaride la tarehe 1 Novemba 2024, la kwanza tangu 1988. Siku hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Fernando Valenzuela, mrushaji kutoka Meksiko ambaye mwaka 1981 aliwavuta uwanjani maelfu ya Wamarekani wenye asili ya nchi yake, watu ambao wengi wao walikuwa na kinyongo na klabu kwa kuwa uwanja wake ulijengwa Chavez Ravine, mahali ambapo familia za jamii yao zilikuwa zimehamishwa, za mwisho kwa nguvu mwaka 1959. Valenzuela alifariki tarehe 22 Oktoba 2024, siku tatu kabla ya fainali kuanza. Watu waliosimama barabarani siku ile wakiwa wamevaa jezi yake namba 34 walikuwa na furaha na msiba kwa wakati mmoja. Sioni ni mshahara wa nani uliowaleta pale.

Na mchezo wenyewe haukununuliwa kama tunavyoambiwa. Katika mchezo wa saba wa 2025, Toronto walikuwa mbele kwa pointi 4 dhidi ya 3 katika awamu ya tisa na walibakiza wapigaji wawili tu kuwatoa ili wawe mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1993. Aliyesawazisha kwa pigo lililovuka uzio alikuwa Miguel Rojas, mchezaji mkongwe ambaye hayumo kabisa katika orodha ya mastaa waliosajiliwa kwa mamia ya mamilioni. Aliyeipatia timu pointi ya ushindi katika awamu ya 11 alikuwa Will Smith, mdakaji aliyelelewa na klabu hiyohiyo tangu ilipomchagua akiwa kijana mwaka 2016. Yamamoto, ndiyo, ni wa bei ghali. Lakini alirusha mipira 96 Ijumaa katika mchezo wa sita, akarudi Jumamosi akarusha mingine 34 na kuumaliza mchezo wa saba. Hakuna kifungu cha mkataba kinachomlazimisha mtu kufanya hivyo. Isitoshe, Blue Jays hawakuwa maskini waliodhulumiwa: Aprili mwaka huohuo walikuwa wamekubaliana na Vladimir Guerrero Jr. mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 500. Na New York Mets, waliompa Juan Soto dola milioni 765 kwa miaka 15, hawakufika hata hatua ya mtoano.

Msimamo wangu ni kwamba kabla ya kudai kikomo cha juu, tudai kiwango cha chini ambacho kila klabu italazimika kukitumia kwa wachezaji. Kila klabu huchangia asilimia 48 ya mapato yake ya ndani katika mfuko unaogawanywa sawa kwa klabu zote 30, kwa hiyo kila Dodgers wanapouza tiketi, sehemu ya fedha hiyo hufika kwa klabu ya Pittsburgh Pirates. Mashabiki wa Pirates, ambao mara ya mwisho waliona ubingwa mwaka 1979, waliimba uwanjani msimu wa 2025 wakimtaka mmiliki auze timu. Hawakumtaka mmiliki wa Los Angeles apunguze matumizi. Nadhani wao wamemtambua mdaiwa wao.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, hoja yako kuhusu Valenzuela imenigusa na sitaipinga. Nakubali pia kwamba shabiki hana kosa. Lakini umechagua mfano uliokuwa rahisi kwako. Umeitaja Pittsburgh, ambako lawama kwa mmiliki ni dhahiri, ukairuka Milwaukee.

Milwaukee Brewers walimaliza msimu wa kawaida wa 2025 wakiwa na ushindi 97, idadi kubwa kuliko ya timu nyingine yoyote, na walifanya hivyo katika mojawapo ya masoko madogo kabisa ya ligi, kwa kukuza vijana, kuwatathmini wachezaji vizuri na kubadilishana wachezaji kwa busara. Kisha wakakutana na Dodgers katika nusu fainali wakatolewa kwa michezo 4 kwa 0, na katika mchezo wa nne Ohtani, akiwa mrushaji na mpigaji kwa siku moja, alipiga mipira mitatu iliyovuka uzio na kuwatoa wapigaji 10. Klabu ile haijawahi kutwaa ubingwa tangu ilipoanzishwa mwaka 1969. Niambie, kiwango chako cha chini cha matumizi kingewasaidia nini watu wa Milwaukee, ambao tatizo lao si uchoyo wa mmiliki wala uvivu wa watendaji, bali ni kwamba mchezaji wanayemlea kwa miaka sita anapokuwa huru hawana uwezo wa kushindana na anayemtaka?

Pia naona unasahau kwamba furaha ya ubingwa hutokana na uadimu wake. Chicago Cubs waliposhinda mwaka 2016 baada ya miaka 108, mashabiki walikwenda kwenye kuta za matofali za uwanja wao wa Wrigley Field wakaandika kwa chaki majina ya wazazi na mababu waliokufa bila kuuona ushindi. Kuta zile zilijaa majina hadi watu wakawa wanainuana mabegani ili wafike juu. Ile ndiyo furaha ninayoiita kamili. Ikiwa klabu moja itaweza kujihakikishia nafasi ya fainali kila mwaka, haitawapunguzia wengine tu matumaini, bali itawapunguzia hata mashabiki wake wenyewe ile hali ya kutetemeka inayolifanya taji kuwa taji.

Mchangiaji wa pili:

Nitasema machache. Ligi hii ilithibitisha mwaka 2020 kwamba Houston Astros walitumia kamera na kugonga pipa la taka kuwafahamisha wapigaji wao aina ya mpira unaokuja katika msimu wa 2017, msimu waliotwaa ubingwa kwa kuwashinda Dodgers hawahawa. Klabu ilitozwa dola milioni 5, meneja na mkurugenzi wakafungiwa mwaka mmoja, wachezaji hawakuadhibiwa, na taji likabaki Houston. Sielewi vipi taji lililopatikana kwa udanganyifu uliothibitishwa linaendelea kuandikwa vitabuni bila alama, wakati lililopatikana kwa kufuata kila kanuni iliyosainiwa na wamiliki wote linaitwa la wizi. Kama kanuni ni mbaya, zibadilishwe. Aliyezifuata asiitwe mwizi.

Mleta mada:

Nawashukuru wote wawili. Mchangiaji wa kwanza amenibana kuhusu Milwaukee na nakiri kwamba kiwango cha chini peke yake hakiwafikii. Kwao ingefaa mgao wa mapato upanuliwe, hasa ya televisheni, kwa kuwa tofauti kubwa kati ya klabu na klabu inaanzia hapo. Hilo naliongeza kwenye msimamo wangu.

Lakini siwezi kukubali kwamba kikomo cha mishahara kingewapa Brewers taji. Ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani (NFL) ina kikomo kikali, na bado New England Patriots walibeba mataji 6 kati ya mwaka 2002 na 2019. Besiboli isiyo na kikomo imekuwa na mabingwa 16 tofauti kati ya 2001 na 2025, wakiwemo Kansas City Royals mwaka 2015, klabu ya soko dogo. Hofu ya kwamba timu moja imeteka ligi inatokana na misimu miwili, na katika misimu hiyo miwili Dodgers walikuwa karibu mno kushindwa. Mchezo wa kwanza wa fainali za 2024 walikuwa nyuma kwa pointi moja, wakiwa wamebakiza mpigaji mmoja tu kutolewa ili washindwe, mpaka Freddie Freeman, aliyekuwa akichechemea kwa kifundo cha mguu, alipoupiga mpira ukavuka uzio huku vituo vyote vitatu vikiwa na wenzake. Lilikuwa pigo la kwanza la aina hiyo kumaliza mchezo katika historia yote ya World Series. Hao si watu waliojihakikishia kitu.

Kuhusu Chicago, ndugu yangu, umenigusa kuliko unavyodhani, kwa maana nami nikiziona picha za kuta zile hujisikia vivyo hivyo. Ila tukumbuke kwamba Cubs wa 2016 walikuwa wamempa mrushaji Jon Lester dola milioni 155 kwa miaka 6, na Boston Red Sox, waliovunja mwiko wa miaka 86 bila taji mwaka 2004, walikuwa na kikosi kilichoshika nafasi ya pili kwa gharama katika ligi nzima. Hakuna aliyekwenda kumwambia mtu mwenye chaki mkononi kwamba jina la baba yake limeandikwa kwa fedha za mwenye timu. Tuliwaacha wafurahi kwa sababu tulijua wamesubiri. Basi na yule wa Los Angeles aliyefungiwa televisheni miaka sita, akamlilia Valenzuela wiki moja na akaushangilia ubingwa wiki iliyofuata, naye amesubiri.

Mkataba wa sasa kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026, na suala la kikomo litakuwa katikati ya meza. Mara ya mwisho wamiliki walipolishikilia kwa nguvu, mwaka 1994, wachezaji waligoma kuanzia tarehe 12 Agosti, fainali za mwaka ule zikafutwa, na hakuna jiji lolote lililokuwa na bingwa wa kumshangilia. Montreal Expos ndio waliokuwa na rekodi bora siku mgomo ulipoanza, wakiwa na moja ya vikosi vya gharama ndogo kabisa. Klabu ile haikufika tena hatua ya mtoano ikiwa Montreal, na baada ya msimu wa 2004 ilihamishiwa Washington. Ningependa wanaotetea kikomo kwa niaba ya timu ndogo watueleze, kabla ya Desemba hiyo, ni nani atakayewalipa fidia mashabiki wa namna ile endapo mazungumzo yatavunjika tena.