Sanduku la tuktuk: chuma, stenlesi au alumini?

FundiKariobangi
Hamjambo wenzangu. Mteja anayesambaza mikate Umoja ameniagiza sanduku la nyuma ya tuktuk, litakalotumia mabamba mawili ya futi 8 kwa 4. Nasita kati ya chuma cha kawaida, stenlesi (chuma kisichoshika kutu) na alumini. Kila kilo ya sanduku inampunguzia kilo moja ya mikate, kwa hiyo naomba tuanze na uzito, bei ifuate baadaye.

MchoraMashine
Ndugu fundi, densiti ya chuma cha kawaida ni kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, ya stenlesi ya aina ya 304 ni karibu 7,930, na ya alumini karibu 2,700. Kwa lugha ya karakana, bamba la chuma lenye unene wa milimita 1 lina kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba, na la alumini lina kilo 2.7. Mabamba yako mawili yana mita za mraba 5.95, hivyo chuma cha milimita 1.2 kitafika kilo 56, stenlesi ya milimita 1 kilo 47, na alumini ya milimita 2 kilo 32.

Sikulinganisha unene uleule kwa makusudi. Alumini ina wepesi wa karibu mara tatu, lakini ukakamavu wake, yaani uwezo wa kutopinda, pia ni karibu thuluthi ya ule wa chuma. Na kwa kuwa ukakamavu wa bamba hufuata kipeo cha tatu cha unene (unene mara unene mara unene), inatosha kuuzidisha unene wa chuma kwa 1.44 ili bamba la alumini listahimili kupinda sawasawa. Milimita 1.2 inakuwa 1.7, nawe bado unaokoa karibu nusu ya uzito.

MizaniKwanza
Hesabu hiyo ni sahihi iwapo unene uliouziwa ni wa kweli. Mwaka jana nilinunua mabomba ya mraba ya milimita 40 kwa 40, yaliyoandikwa milimita 1.5, kwa muuzaji mmoja wa hapa mjini. Bomba la mita 6 lilipaswa kuwa na kilo 10.9: toa 1.5 kwenye 40, zidisha kwa 4, kisha kwa 1.5, upate milimita za mraba 231, ambazo ni kilo 1.81 kwa mita. Mizani ilionyesha 8.8, yaani ukuta wa milimita 1.2. Vania, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene, ilikuwa imenidanganya, kwa sababu nilibana mdomo wa bomba ambako msumeno ulikuwa umeacha meno. Tangu siku hiyo sipakii mzigo kabla ya kupima bomba zima.

MamaKarakana
Fundi, ukichagua alumini, mashine ya kawaida ya kuchomelea kwa vijiti haitakufaa. Tafuta mwenye mashine ya gesi ya agoni, au upige ribiti (misumari ya kubana mabamba) za alumini. Pale sanduku linapokalia fremu ya chuma, weka mpira katikati, kwani metali hizo mbili zikigusana penye maji ya mvua, alumini ndiyo huliwa.

FundiKariobangi
Ahsanteni sana. Nitatumia alumini ya milimita 2, kwa ribiti na mpira. Kila bamba linapaswa kuwa na kilo 16, nami nitakwenda dukani na mizani yangu ya kuning'iniza.